Lijah Asife Kabla ya Alhamisi

Mizelli Penfold aliomba jambo ambalo mke hapaswi kuliomba: mumewe Lijah asife kabla ya Alhamisi. Kufa angekufa, daktari alishasema na Lijah mwenyewe alishakubali. Mizelli alikuwa anaomba siku tu. Alhamisi ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu, na Mizelli aliiogopa kuliko kifo chenyewe.

Akina Penfold ni Waromani, kabila la wahamaji wa Uingereza, watu wa karavani za kukokotwa na gari, wanaozaliwa Kent na kuzikwa Kent tangu enzi za mababu. Lijah alipochoka kufukuzwa kila kando ya barabara, alinunua kipande cha malisho nje ya kijiji cha Aldersham, kwa jasho lake, akaegesha karavani zake hapo. Ardhi ni yake, lakini kibali cha kuishi juu yake halmashauri ilimnyima, na rufaa ikawa imelala mezani kwa waziri. Waziri gani? Huyo atakayeteuliwa baada ya uchaguzi, basi.

Na Bwana Croft, mgombea mwenye sauti nene, alishasema katika ukumbi wa kijiji: "Tukiingia madarakani, karavani zote zisizo na kibali zitoke ndani ya mwezi mmoja! Na hiyo sheria ya haki za binadamu wanayojificha nyuma yake, tunaifuta!" Watu wazima wenye wajukuu wakapiga makofi. Mpinzani wake, Bi. Harcombe, aliyekuwa diwani miaka mingi, ndiye pekee aliyewahi kukanyaga pale akanywa chai na kusema, "Nyie ni watu wangu." Kura za maoni zilionyesha wawili hao wanakabana koo.

Lijah hakungoja. Alikata roho Jumatatu mchana, mkewe amemshika mkono.

Kwa Waromani, maiti haachwi peke yake. Analala nyumbani kwake mpaka siku ya kuzikwa, moto unawaka nje muda wote, na ndugu wanakuja kutoka kila pembe. Tena wanakuja na nyumba zao, maana nyumba zao zina magurudumu. Mama yake Lijah alipofariki, malisho yalijaa karavani mpaka huku barabarani.

"Mama, naanza kumpigia baba mkubwa Hosea," alisema Nelson, mwanawe, macho mekundu. "Halafu wale wa Norfolk."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Alhamisi ipite."

Nelson alidhani msiba umempanda mama yake kichwani. "Alhamisi? Unazungumzia kura, baba amelala pale?"

"Wakija wote, watu wa Croft watasimama pale langoni wapige picha. Kesho yake ziko kwenye kila simu: wametuvamia. Nani atampa Bi. Harcombe kura hapo? Tutafukuzwa, Nelson. Wanao watalala kando ya barabara kama nilivyolala mimi, polisi wakigonga mabati alfajiri."

"Na baba akae peke yake kama mbwa?"

"Niko naye mimi."

"Wewe mmoja!"

"Naogopa, mwanangu. Sijui nikwambieje. Naogopa."

Nelson akampigia Hosea peke yake, akamwomba aje na gari dogo. Mzee alifika Jumanne asubuhi. Alishuka, akavua kofia, akatazama huku na huku.

"Shemeji, moto uko wapi?"

"Moshi utaonekana barabarani."

"Ahaa. Kwa hiyo umemficha ndugu yangu." Aliikunja kofia mkononi. "Alikuwa mume wako huyu, au mali ya wizi?"

Hosea aliingia kwenye karavani, akaketi kando ya jeneza, akampa Mizelli mgongo.

Alasiri akaja Bi. Harcombe na maua meupe. Alimkumbatia Mizelli, akampa pole, kisha akayatazama yale malisho matupu akashusha pumzi.

"Nikwambie kweli, nilipopata habari nilishtuka. Nilikumbuka msiba wa mama mkwe wako, lile jeshi zima la karavani! Lakini naona umetumia busara. Asante sana, Mizelli. Jambo dogo kama hili ndilo litakalotuvusha. Ijumaa waite hata mia."

"Jambo dogo," alisema Mizelli.

"Ah, umenielewa bwana."

"Ukishinda, Bi. Harcombe, kibali nitapata?"

Yule mama alipapasa karatasi ya maua. "Tutalitazama. Si mara moja. Watu wa kijijini nao wana hofu zao, lazima tuwaelewe."

Wana hofu zao! Hofu ya nini, ya mjane na sufuria zake? Mizelli alimsindikiza mpaka langoni kwa adabu zote, akarudi. Hofu haikumtoka, jamani, tusidanganyane. Ilizidi. Lakini sasa aliona kitu kilichomuumiza kuliko hofu: Croft hajashinda bado, na yeye mwenyewe ameshamfukuza Lijah kwenye ardhi yake.

Aliingia karavanini, akasimama nyuma ya Hosea.

"Shemeji, waite."

Mzee hakugeuka. "Niwaite akina nani?"

"Wote. Waje na karavani zao. Na Nelson alete kuni."

Jumatano walianza kufika kabla ya chakula cha mchana, mmoja nyuma ya mwingine, foleni ikaziba njia ya kijijini. Magari yakapiga honi. Mwanamume mmoja alitelemsha kioo akatoa tusi ambalo sitalirudia. Mwingine alisimama ng'ambo, simu ameielekeza langoni, akipiga picha bila haraka.

Mizelli ndiye aliyekuwa ameshika lango. Alitaka kujifunika uso kwa kitambaa, asionekane, asijulikane. Badala yake alilifungua lango lote, akamwashiria bibi aliyekuwa kwenye gari lililofuata.

"Ingia, shangazi," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Ingia. Mwenye shamba yuko ndani."