Aliyekuwa Bi Tatu

Enzi zetu hapa Palma, redio haikusikilizwa bure. Ilikuwa moja tu, ya Bwana Amadi fundi cherehani, na kiingilio kilikuwa pilya, yaani betri. Nyumba iliyoleta betri nzima ilikaa kwenye jamvi. Iliyoleta iliyochoka ilikaa mchangani, na watoto wake ndio walioanika betri juu ya bati mpaka zipate nguvu kidogo. Sisi tulikuwa watu wa mchangani.

Jumapili baada ya alasiri kilikuja kichekesho kutoka Tanzania, ng'ambo ya Ruvuma. Rika langu hawahitaji kuelezwa: Bi Tatu muuza mchele, mumewe Bwana Shabaha mwenye kikohozi, na mbuzi wao aliyekula kila kitu isipokuwa majani. Tulibanana pale, mikono ikinuka samaki wa kukaanga, na mama akipita njiani alisema, "Mngemsikiliza hivyo mwalimu shikolani, siku moja ningeitwa mama wa mkuu wa wilaya." Tulimwomba asipige kelele.

Tatizo, sauti ilikuwa na tabia ya kuzama. Upepo ukigeuka, au betri zikichoka, maneno yalipotea palepale penye utamu. Bwana Amadi hakupenda ukimya barazani kwake. Kila mtoto alipewa mtu wake wa kushika: redio ikizama, unaendeleza maneno ya mtu wako mpaka sauti irudi. "Anayenyamaza aondoke na pilya yake," alisema bila kuinua macho kwenye mshono. Dada yangu Somoe alimshika Bi Tatu. Mimi nilipewa mbuzi. Niliomba kupandishwa cheo, nikabembeleza, nikaahidi hata betri mpya. Nilibaki mbuzi.

Neno la Bi Tatu lililonikaa kuliko yote ni lile la kwenye mizani: "Hesabu tena, mwanangu, macho yangu hayajashiba." Nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Nauza kapulana, vitenge vyetu, sokoni, na hakuna aliyewahi kuniletea robota la nguo asiambiwe hivyo. Vijana wananicheka. Wao huhesabu kwa simu, mara moja, halafu jioni wanashangaa.

Somoe alipofariki kule Macaloe alikoolewa, na wenzetu wa baraza walipokwisha kutawanyika, wengine Pemba ya huku kwetu, wengine ng'ambo, nilibaki na hamu moja: nimjue aliyekuwa Bi Tatu. Niliona nikimpata, nitakuwa nimebakiwa na mtu mmoja wa Jumapili zile. Kila aliyevuka mpaka pale Namoto na mzigo nilimuuliza habari hiyo kabla ya bei. Nikaambiwa kikohozi cha Bwana Shabaha kilikuwa cha kweli, cha tumbaku. Nikaambiwa mlango uliolia ulikuwa kiti kibovu. Kuhusu mbuzi, wapo walioapa kwamba alikuwa mtu, yuleyule aliyeigiza hakimu. Hilo lilinifariji, kumbe cheo changu hakikuwa kidogo. Lakini Bi Tatu, hakuna aliyemjua.

Mwezi uliopita Mama Rehema, muuza dagaa wa Mtwara ambaye tunajuana miaka mingi, akaniambia, "Bi Tatu wa redioni? Si jirani yangu yule, kaka. Yu hai, anakoroga uji wake mwenyewe." Akapiga simu hapohapo juu ya meza yangu, sauti wazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia natoka Palma, nilimsikiliza utotoni. Nikamwomba anisemee tu lile neno lake la kwenye mizani. Akauliza lipi. Nikamtajia.

Akasema, "Hilo si langu, baba."

"Labda umesahau, bibi. Ni zamani."

"Ninayosahau ni majina ya wajukuu. Bi Tatu hakujua kuhesabu, mwanangu. Ndicho kichekesho chenyewe: kila Jumapili anapunjwa, na anashukuru. Angesemaje hesabu tena?"

Nikajaribu kupatana naye. Labda mara moja tu, bibi, labda kwa bahati. Hakushuka hata kidogo. Nikakaa na kapulana mkononi, nikalisikiliza lile neno upya kichwani. Nyuma yake hakukuwa na mikwaruzo ya redio. Kulikuwa na cherehani tu.

"Sasa nani alisema?" bibi akauliza.

"Dada yangu. Redio ilikuwa inazama, yeye anashika."

Akacheka, kicheko kilekile cha Bi Tatu. "Basi amenizidi. Mpe salamu zangu."

Mama Rehema akainamisha macho kwenye dagaa zake. Nikasema, "Zitafika, bibi." Hata jina lake sikumuuliza.

Siku hizi kila mtoto ana redio yake sikioni, na hahitaji pilya ya jirani. Mtandao ukikatika, hukodolea macho kile kiduara kinachozunguka, kimya, kila mtu na kiduara chake. Siwalaumu, hakuna aliyewafundisha kushika. Mimi ninayo redio, na betri mpya, na ninakaa kwenye jamvi, mahali tulipopatamani. Jumapili iliyopita ikazama katikati ya maneno. Nikasubiri. Nikawahesabu waliokaa, nikahesabu tena. Alikuwepo mbuzi tu.