Mikono ya Verlin Kucera

Ami Verlin, rafiki wa baba, hakuwahi kunipakata. Kwenye picha ya ubatizo wangu kanisa zima linagombania kunibeba, naye yuko pembeni, mikono kaificha kwapani. Nilikua nikidhani hanipendi. Lakini ni huyohuyo aliyekuja kila majira ya baridi kutuondolea theluji mlangoni kabla ya kwenda kazini kwenye ghala la nafaka, kwa sababu baba yangu, Dwight, ana mguu mmoja.

Walicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi, timu moja ya chuo, hapahapa Nebraska, mwaka 1974. Timu ile haikuhangaika kurusha mpira. Ilikimbia nao, yadi mia nne kwa mechi, mpaka wapinzani wakachoka kuhesabu. Siri ilikuwa tumboni mwa Verlin. Baba alimsukumia mpira tumboni, wakaenda nao pamoja hatua mbili huku baba akimtazama beki. Beki akimvamia Verlin, baba anauchomoa na kukimbia nao mwenyewe, asipomvamia, anamwachia. Verlin alitakiwa aufunike kwa mikono laini, asiubane kamwe mpaka baba autoe mkono wake.

Mara nyingi aliangushwa na watu watatu hana kitu.

"Verlin, leo umebeba kilo ngapi za hewa?" wenzake walimtania.

Mkewe alimwambia mama kwamba mpaka leo, usingizini, mikono yake huachia ghafla na yeye hupiga kelele, "Chukua! Chukua!" Tulicheka. Sasa naona aibu kwamba tulicheka.

Mguu wa baba ulisagwa kwenye mechi ya mwisho, ukakatwa. Watu walisema Dwight alichelewa kuamua. Baba hakubisha.

Jumapili iliyopita tulimbatiza binti yangu. Baada ya ibada, watu wakila kolache, mikate midogo mitamu ya plamu, baba akaita, "Verlin, njoo umbebe."

"Mikono yangu michafu."

"Umetoka kanisani sasa hivi, uchafu umeutoa wapi? Njoo, bwana!"

Akaja. Baba akamsukumia mtoto tumboni, mkono wake mwenyewe ukiwa bado chini ya mtoto. Mikono ya Verlin ikamfunika, ila haikumbana.

"Niliubana, Dwight," akasema. "Siku ile. Mama yangu alikuwa jukwaani, hajawahi kuniona na mpira. Ukauvuta, tukang'ang'aniana, ukageuka umewapa mgongo wale mabeki, wakakuangukia mguuni."

"Najua. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpira, nisijue vipi?"

"Miaka hamsini umenyamaza!"

"Nilingoja useme wewe. Miaka ya mwanzo nilikuchukia sana. Baadaye nikachoka."

Nilipandwa na hasira, nikanyoosha mikono nimchukue mwanangu. Baba akanizuia kwa gongo lake.

Kisha akautoa mkono wake chini ya mtoto, polepole.

"Huyu nimekupa," akamwambia Verlin. "Mbane."