Kamera Isiyojua Nyeusi

Zunilda Araya alipiga picha za harusi na ubatizo mjini Vicuña, lakini moyo wake ulikaa angani. Uani kwake, kati ya kamba ya nguo na mzabibu uliopandwa na marehemu baba yake, alisimamisha darubini na kuifungia kamera kuukuu aliyoifungua kwa mikono yake, akatoa kioo kidogo kinachozuia mwanga wa infraredi. Mwanga huo macho yetu hayauoni, ila hupenya vumbi. Na katika kundi la nyota la Bikari, nyuma ya vumbi zito la Njia Nyeupe, galaksi yetu, imejificha galaksi nyingine nzima. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Kila majira ya baridi aliitafuta, akaambulia ukungu mtupu.

"Nyota zimejaa tele, zinaonekana bure," dada yake Ernestina alimwambia, "wewe unamhangaikia aliyejifungia ndani!"

"Huyo ndiye ninayetaka kumjua."

Jumapili moja ya Juni, mlangoni pa kanisa, kamera yake nzuri ilizimika, ikagoma kuwaka. Mtoto wa kubatizwa keshavalishwa, padri anasubiri. Zunilda alikimbia nyumbani akarudi na ile ya uani. Alijua rangi zingeharibika kwa ule mwanga wa infraredi. Akajipa moyo kwamba atazirekebisha kwenye kompyuta.

Hazikurekebishika. Vitambaa vyeusi vilitoka vyekundu kama mvinyo. Na aliyekaa katikati ya picha, mjukuu mapajani, alikuwa Bibi Filomena, ambaye mumewe alikuwa bado hajamaliza mwezi kaburini.

Ernestina alizitazama picha, akakaa chini. "Zunilda, umemvua mama wa watu nguo za msiba."

Binti wa Filomena alikuja kwenye duka la picha la Zunilda, akafoka mpaka majirani wakachungulia. Kesho yake akaja bibi mwenyewe na fimbo yake, mweusi kuanzia shingoni hadi viatuni.

"Kosa ni langu, mama," Zunilda alisema. "Nilijua kamera haifai, nikaitumia."

"Haifai kwa nini? Nieleze, mimi si mtoto."

Zunilda alimpeleka uani, akamweleza habari za vumbi na ile galaksi. Bibi alisikiliza huku ameegemea fimbo.

"Na ukishaipata, utaifanyia nini?"

"Sina cha kuifanyia, mama. Nataka tu kuiona."

Filomena aliitoa mfukoni picha yake ile nyekundu, akaitazama.

"Marehemu alinikataza nyekundu tangu tulipooana. Alisema ni rangi ya wanawake wa baa." Akacheka kidogo, kisha macho yakamlowa. "Nilimpenda, hilo usitie shaka. Sasa sikiliza. Wanangu watengenezee zisizo na rangi. Hii niachie mimi, na ufunge mdomo."

Zikatoka nyeusi na nyeupe, na familia ikaridhika. Binti hata alisema zinampendeza kuliko za rangi.

Mwezi Agosti upepo ulisafisha anga. Jioni moja, baada ya kuunganisha picha nyingi za kundi lile la Bikari, Zunilda aliona doa la mviringo ambalo halikuwa nyota. Mikono ilikuwa imemfa ganzi kwa baridi, naye aliogopa hata kugusa kompyuta. Kisha akamwita dada yake.

"Ndiyo hiyo?" Ernestina aliuliza. "Mbona kama mtu kagusa kioo kwa kidole chenye mafuta?"

"Ndiyo hiyo."

Ernestina alicheka, lakini hakurudi ndani. Alivuta kigoda, akainama karibu na kioo cha kompyuta.

"Haya, nionyeshe inapoanzia."