Bakoko Hakupita Mbele ya Propela

Nisameheni kwa mwandiko wangu na kwa herufi ninazokosea. Nilisoma shule ya msingi tu, na huandika polepole.

Leo nimenusa petroli nikamkumbuka Bakoko, babu yetu. Kanzu yake ilinuka hivyo kila alipotoka kutazama ndege. Hakuwahi kupanda hata moja, lakini uani kwetu Mahajanga alitufundisha sisi wajukuu kuizunguka ndege kupitia mkiani, mbali na propela.

Alikwenda kisiwa cha Nosy Be kumtembelea dada yake, akafia kwenye uwanja wa ndege wa huko. Alirudishwa kwa ndege, keshaoshwa na kuvikwa sanda. Mtu wa uwanja aliyemleta, mwenye beji ya bendera mpya ya serikali kifuani, alisema mzee alipita mbele ya propela ikampiga kichwani.

Kwetu maiti huoshwa na jamaa zake. Bibi akataka aoshwe upya.

“Haina haja, mama. Mzikeni tu,” yule mtu akasema haraka.

Bibi akafunua sanda. Nilikuwa nimeshika kanga yake, nikaona kichwa kizima, bila mkwaruzo, na ndevu zimechanwa vizuri.

“Propela gani hii, inampiga mtu kichwani kisha inamchana ndevu?”

“Ni amri ya Mungu, mama.”

“Ya Mungu nimeikubali. Nakuuliza ya watu.”

Wajomba, kwa kuiogopa ile bendera, wakamfunika Bakoko haraka, wakamchukua kwenda kumzika.

Kama ulikuwa uwanjani siku ile, tafadhali niandikie ulichokiona. Bibi yu hai, na bado anauliza.