Amana ya Shemeji

Shemeji yangu alipotangaza kwamba anakwenda Umra, nyumba nzima ilisema mashaallah. Mimi niliingia jikoni kukanda unga. Safari hiyo nilikuwa nikiisubiri tangu tulipomzika mama, na kama angezidi kuchelewa ningemwombea mwenyewe apate nauli.

Kwetu mtu haendi Makka hivi hivi. Kabla ya kupanda ndege anapita kwa ndugu na majirani kuomba radhi, maana Mungu husamehe yaliyo yake, lakini haki ya mja ni mpaka mja mwenyewe akusamehe. Asiyepewa radhi hakuna wa kumzuia, ila moyoni anajua anakwenda kutembea tu. Kwa hiyo nilijua kwamba, atake asitake, shemeji atakuja kukaa kwenye mkeka wetu Ukonga, jirani na uwanja wa ndege, akunje miguu, aniombe.

Mama naye alizunguka hivyo hivyo alipojaliwa safari yake ya Makka. Alimwomba radhi hata muuza mkaa, ambaye hakujua amekosewa nini. Alikuwa hajawahi kupanda ndege, ingawa maisha yake yote zilikuwa zikimpita juu ya paa. Akiwa anasimulia jambo, ndege ikaja, alinyamaza mpaka ipite, kisha akaendelea pale pale alipoishia.

Asubuhi ya safari ya mama, wengine wakiwa uani wanapika, shemeji aliingia sebuleni na kopo la maziwa ya unga. Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa. Kopo lilikuwa limezungushiwa soltepu ya kahawia mpaka mfuniko hauonekani. Tuliokuwapo ni mama, mimi na yeye.

"Visheti, mama," alisema. "Nna rafiki yangu anafanya kazi kule, kavikumbuka mpaka basi. Ni amana hiyo, usiifungue mpaka umkabidhi mwenyewe."

Nililinyanyua nikaliona zito. Nikamuuliza kama visheti vyenyewe ni vya zege. Mama akanikata jicho. Amana haiulizwi, haifunguliwi na haikataliwi, sembuse ikitoka kwa mkwe. Akaitia kwenye begi lake la mkononi, juu ya msala wake wa kusalia, kwa kuogopa kwamba kwenye begi kubwa ingepondwa.

Shemeji ni fundi simu. Ananunua betri zilizokufa za kompyuta za kupakata, anazipasua, anachomoa vibetri vya ndani vyenye ukubwa wa kidole gumba, na vile vyenye uhai kidogo anavitumia kutengeneza pawabenki. Chini ya visheti alikuwa amepanga vibetri hivyo, vya kumuuzia yule rafiki yake, vitupu, ncha wazi, ndani ya kopo la bati. Alivificha kwa sababu alijua vikionekana vitachukuliwa. Wala asiseme hakujua hatari yake. Ni yeye aliyenikataza siku moja nisiweke simu yangu iliyovimba juu ya kitanda cha wanawe. Alinieleza vizuri sana, kwa utaratibu: betri za aina hii ncha zikigusana na chuma zinapata moto, moja ikiwaka inaiwasha ya pembeni, na ukidhani umezima inaanza upya. Kwa wanawe alijua. Kwa mama yangu akasahau.

Kopo lilivyopita kwenye mashine za ukaguzi sijui mpaka leo, na sitaki kumsingizia mtu. Sisi tulitoka nje kuisubiri ndege ya mama ipite. Hata wapangaji walitoka. Muda ukafika, ukapita. Ikaja ndege nyingine, ya rangi nyingine, dada akaipungia tu mkono kwa sababu alikuwa ameshachoka kusubiri.

Mama alinisimulia baadaye. Ndege ilikuwa imeanza kutembea, haijaruka, naye yuko kwenye tasbihi yake. Akasikia harufu ya plastiki inayoungua juu ya kichwa chake, kisha moshi ukaanza kutoka kwenye kabati la mizigo. Msichana mhudumu akalifungua, akalivuta begi, akalimwagia maji, moshi ukazidi, akamwaga tena. Watoto walikuwa wanalia, watu wanakanyagana. Wakateremshwa kwenye yale mateleza ya dharura, mama yangu na buibui lake, ndala moja ikabaki ndani. Hakufa mtu. Yule msichana aliungua mkono, na mama alimtaja katika dua zake zote mpaka anakufa.

Ofisa mmoja alimwambia, "Bibi, mshukuru Mungu mlikuwa bado chini. Huko juu ya bahari mngekimbilia wapi?"

Walimuuliza kutwa nzima nani alimpa mzigo ule. Mama akajibu jibu moja: begi langu, mzigo wangu. Wakamwachia kwa uzee wake, lakini safari ilikwisha. Nyumbani tuliambiwa tu kwamba begi la mama lilikuwa na betri. Habari za kopo hakumwambia mtu. Mtaani wakampa jina, Bibi Bomu, na watoto walikuwa wakilitamka akiwa anapita. Aliacha kwenda darasa la wanawake msikitini. Mwanamke aliyekuwa akiwasomesha wenzake sura fupi akawa anasali chumbani, mlango umefungwa.

Ni mimi peke yangu aliyenieleza kwamba vilikutwa chini ya visheti, kwa sababu kopo niliwahi kulishika.

"Nikimtaja, dadako na wanawe watakuwa wageni wa nani?" aliniambia. "Funika kombe mwanaharamu apite." Akaniapisha nisiseme.

Nikalifunika. Tabu ni kwamba mwanaharamu hakupita. Alikuwa akija kila Ijumaa kula pilau kwetu. Ijumaa moja, mama akiwa pale pale anapakua, aliwaambia wageni, "Wazee bwana, wanaokotaga vitu wanatia kwenye begi, wanasahau." Wageni wakacheka. Mama akamwongezea nyama. Mimi nilitoka nje, nikakaa karibu na karo mpaka wageni walipoondoka. Nilimchukia kwa nafsi yangu yote, na sijapata sababu ya kupunguza.

Mama alifariki bila kuiona Kaaba. Msibani shemeji alilia kuliko sisi tuliozaliwa na maiti.

Basi ikafika siku ya radhi. Alikuja na kanzu mpya, manukato yamemtangulia mlangoni. Dada yuko pembeni yake, maana walikuwa wasafiri pamoja. Mjomba alikuwapo, mashangazi, na majirani wawili watatu. Shemeji akainamisha kichwa, akasema kwa sauti laini, "Jamani, sie tunaondoka. Niliyemkosea kwa kujua na kwa kutojua, anisamehe." Wakamjibu mmoja mmoja kwamba wamesamehe. Zamu yangu ikafika.

Niliingia ndani nikatoka na kopo la maziwa ya unga. Nilikuwa nimelizungushia soltepu ya kahawia mpaka mfuniko hauonekani.

"Shemeji, nna amana yangu," nikamwambia. "Visheti tu. Kuna mtu kule kavikumbuka mpaka basi." Nikalitua mapajani mwake.

Akainua mikono yote miwili, kama mtu aliyerukiwa na mjusi. Kopo likabingirika mkekani.

"Mna nini humu?"

"Visheti."

"Lifungue."

"Amana haifunguliwi, shemeji. Si unajua?"

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya midomo. "Mie sipandi ndege na hilo kopo," akasema. "Mtu asiniwekee betri chini ya visheti, nina watoto mie."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mjomba ndiye aliyeuliza, taratibu, "Betri na visheti wapi na wapi?"

Dada alilichukua kopo, akaenda jikoni, akarudi na kisu, akakata soltepu na kumwaga vyote mkekani. Visheti vitupu, vya asubuhi ile, sukari bado inanata. Akamgeukia mumewe.

"Siku ya safari ya mama nilikaanga sinia zima," akasema. "Ukaniambia umewapelekea mafundi wenzako."

Shemeji alinitazama mimi badala ya kumtazama mkewe. Sikuwa nimevunja kiapo, sikutaja lolote ila visheti. Nilikaa nikachukua kimoja nikakila, na wallahi kilikuwa kitamu.

"Shemeji, nisamehe," alisema, na safari hii sauti haikuwa laini.

"Radhi yako sinayo mimi," nikamjibu. "Mwenye nayo yuko makaburini. Njia ya kwenda unaijua, uliongoza kulia."

Alikwenda Umra vilevile. Tiketi ilikuwa imeshakatwa, na watu wa namna yake hawaachi kiti kipotee. Dada hakwenda. Siku ile alisimama nami nje, pale pale tulipoisubiri ndege ya mama, begi lake likiwa chumbani kwangu, halijafunguliwa. Hakupunga mkono.

Ndege ikaja kwa wakati wake, chini kabisa, mabati yakatetemeka. Nikawaombea rubani, wahudumu, abiria na watoto wao, wapae salama na watue salama. Halafu nikaomba kile kiti kilichobaki pembeni ya shemeji kisipate mtu wa kukikalia, akitazame njia nzima mpaka Makka.