Zaina Alipojifunza Kuzunguka kwa Kichwa

Enzi zetu pale Magoma, kitu kipya kikiingia kijijini hakikuwa cha mtu mmoja. Soko huria lilikuwa limeshatufikia, gulio limejaa mitumba, redio na viatu vya plastiki vya kila rangi, lakini gemu la mkononi hatukuwahi kuliona mpaka Shabani, mtoto wa mjomba, alipokuja likizo kutoka Dar.

Tulibanana barazani watoto kumi na kitu, tukinusiana jasho, macho kwenye kioo kidogo kama kiberiti. Ndani yake mlikuwa na vijinyama vya kubuni, vya kukamata na kupiganisha. Vingine vilitema moto, ila sisi tulimpenda mmoja tu: mfupi, mwenye mkanda wa karate kiunoni, anayesimama kwa kichwa na kuzunguka huku akigawa mateke pande zote. Tukamwita Pia, maana alizunguka kama zile pia za mti tulizochonga wenyewe. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati, zikapata uhai wa dakika tano, tukashangilia.

Likizo ilipokwisha, Shabani akaondoka na gemu lake. Sisi tukarudia michezo yetu ya rede na kombolela. Dada yangu Zaina, wa darasa la tano, hakuirudia. Alitandika gunia la katani nyuma ya banda la kuku, akavaa kaptula ndani ya sketi, akasimama kwa kichwa. Kazi yangu ilikuwa kukohoa mama akitokea.

Mwezi haujaisha, siku moja mama akimsuka, akashtuka. Utosini palikuwa na duara lisilo na unywele hata mmoja.

"Mapunye haya!" Akamsugua ndimu na chumvi mpaka Zaina akatoa machozi. Wiki ikapita, duara lipo palepale. Mama aliposema kesho anamnyoa kipara na kumpeleka zahanati, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, siyo ugonjwa. Anajizungusha kwa kichwa."

Mama akachukua fimbo. "Mtoto wa kike, miguu juu! Ukivunjika shingo nitamwambia nini baba yako?"

Zaina hakukimbia. "Nipige, mama, ila nitazame kwanza."

Bibi yetu alikuwa kando anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Mwache, tumwone."

Zaina akatandika gunia lake katikati ya ua. Akazunguka mara moja, mara mbili, mara saba, miguu imetanuka, vumbi linaruka, kuku wanakimbizana. Aliposimama akapepesuka kama mlevi, na Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. Mama hakucheka, lakini fimbo aliirudisha. Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa michezo, akamwambia, "Huyu hasikii. Basi mfundishe, asije akaumia."

Mwaka ule shule yetu ilipeleka watoto wa halaiki ya michezo ya viungo Korogwe mjini. Zaina alizunguka katikati ya uwanja, wenzake wamemzingira, na kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama, yuleyule aliyehofia shingo kuvunjika.

Leo Zaina ni mwalimu wa michezo huko Misima, upande wa Handeni. Watoto wetu wa siku hizi wana simu zenye vijinyama mia. Ukiwauliza jina la yule wa jana, hawamkumbuki. Vidole vyao vina nguvu za ajabu, lakini ukiwatuma dukani miguu inauma. Sisi tulikuwa na Pia wetu mmoja tu, kwa wiki chache, tukashiba naye miaka. Nikizikumbuka siku zile moyo unanichoma kidogo.

Lakini siwakatii tamaa. Juzi tulimtembelea Zaina, tukawakuta wanafunzi wake wakipiga sarakasi uwanjani. Mwanangu akawatazama kwa muda mrefu, kisha akanipa simu nimshikie.

"Mama mkubwa," akamwambia Zaina, "naanzaje?"

Alianguka mara nne. Simu yake iliita mkononi mwangu, wala hakugeuka.