Shangazi Upepo na Sheria ya Kujitoa

Shangazi yangu ameajiriwa kunyoosha mashuka, lakini ukimuuliza mtu yeyote pale kiwandani anafanya kazi gani, atakwambia anakwepa mpira. Jina lake la kuzaliwa analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Upepo, kwa sababu katika miaka yote aliyocheza uani kabla ya mwaka jana hakuna aliyewahi kumpiga, na walijaribu wenye mikono hasa, wanawake wanaobeba vikapu vya taulo zilizolowa tangu asubuhi.

Mimi ni binti wa kaka yake. Alinilea, akanitafutia kazi kwenye mashine za kufulia, na siku ya kwanza akanionya mbele ya msimamizi kwamba nikimtia aibu atanikana mchana kweupe. Kwa hiyo habari zake ninazo za jikoni, na sitampamba. Ni mkali, anapenda kusifiwa, na timu yake ikishindwa hasemi na mtu mpaka kesho yake.

Kiwanda chetu kinafua mashuka na taulo za mahoteli na hospitali. Saa ya mapumziko mashine zikizimwa tunatoka uani nyuma ya jengo, kati ya bomba la maji na ukuta wa stoo, tunacheza. Mchezo wenyewe una majina kibao. Kuna waliokua wakiuita rede, wengine kati, wengine nage, na kila mmoja anaapa kwamba jina lake ndilo lenyewe, wenzake wameiga. Mpira tunautengeneza kwa foronya zilizochakaa, tunazikunja na kuzifunga kamba mpaka uwe mgumu wa kuuma bila kuvunja. Warushaji wawili wanasimama mmoja huku mmoja kule, timu inaingia katikati, na anayepigwa anakwenda kukaa ukutani. Makubaliano yanaishia hapo. Yaliyobaki yote ni ugomvi.

Wapo wanaosema mpira ukidunda chini kwanza haukuui. Wapo wanaosema unakuua hata ukija ukiviringika ukakugusa kidole cha mguu. Wengine utotoni walicheza kwa kudaka: ukiudaka mpira unapata roho ya akiba, ukipigwa unaitoa hiyo na unabaki mchezoni. Mwenzetu mmoja wa pasi alileta sheria kwamba kupigwa kichwani hakuhesabiwi, na aliing'ang'ania kufa kupona kwa sababu alikuwa ametoka kusuka.

Na sisi wa kiwandani tuna sheria yetu, ambayo sijaisikia kwingine. Inaitwa kujitoa. Mchezaji akisimama wima, miguu yote miwili chini, asikwepe, mpira ukampiga, yeye anatoka lakini wawili waliokwisha kufa wanafufuka. Waliitunga zamani wanawake wa kitengo cha kunyoosha, ambao magoti yameharibika kwa kusimama, ili nao wakitoka watoke kwa heshima. Shangazi aliidharau. "Hiyo ni ya wenzangu na mie waliochoka," alikuwa akisema, huku yeye mwenyewe ni wa kitengo hichohicho na umri wake si wa kuficha.

Ufundi wake ulikuwa wa ajabu kwa jinsi ulivyokuwa mdogo. Wachezaji wengine hugeuka kumwangalia aliyeshika mpira, ukipita wanageuka tena, na katika kule kugeukageuka ndipo wanapopigwa. Shangazi hakugeuka. Alisimama ubavu, uso kwenye mlango wa jengo, jicho moja kwa mrushaji wa stoo na jingine kwa mrushaji wa bomba. Mpira ukija anasogea kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Sasa basi, mwaka jana, bila kumwambia mtu, Shangazi akaanza kujitoa.

Mrushaji wa bomba ni mimi. Siku ile ya kwanza nilirusha nikijua nitaukosa kama kawaida, mpira ukamkita kwenye mbavu za kushoto naye amesimama vilevile. Kisha wawili waliokuwa ukutani wakaruka juu, wakarudi katikati wakipiga vigelegele, na timu yao ikashinda. Shangazi alikuwa ameshtuka, nililiona hilo, halafu akavaa tabasamu akaenda kukaa huku akijipangusa vumbi. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na iliyofuata.

Sifa zikamwagika. "Huyu mama ana moyo," walisema. "Angalia, bingwa mzima anawafia wenzake." Timu zikawa zinamgombania, maana ukiwa na Upepo una uhakika wa watu wawili kufufuka. Msimamizi wetu, ambaye hachezi lakini huchungulia dirishani, alimtaja kwenye kikao kuwa mfano wa kujitolea. Shangazi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao nyumbani sijawahi kuuona hata siku moja. Na mimi kichwa kikanivimba. Kajitoa au hakujitoa, mkono uliompiga Upepo ulikuwa wangu.

Mambo mengine niliyaona nikayapita. Pale kwenye rola, yaani lile silinda la moto linalonyoosha mashuka, wanasimama wawili, kila mmoja anashika ncha ya shuka na kulilisha. Shangazi alimwomba mwenzake wabadilishane, akahamia mwisho wa kushoto, eti kule alikokuwa baridi ya mlangoni inamwingia begani. Nyumbani akalisogeza kiti chake mpaka bega la kushoto likagusa ukuta. Mezani nikimwekea kikombe kushotoni anakipiga kumbo, halafu mimi ndiye ninayegombezwa kwa kuweka vikombe ovyo.

Ndipo akaja Mgeni. Aliajiriwa kwenye mashine za kukaushia, mwanamke mrefu, mcheshi, sauti ya kuamsha mtaa. Hilo jina la Mgeni tulimpa siku ya kwanza na halijatoka mpaka leo. Tulipomweleza sheria ya kujitoa alicheka mpaka akashika kiuno.

"Nini? Unasimama upigwe? Kwetu ukipigwa umekufa, basi. Hakuna cha kufiana."

Kwao walicheza na chupa. Inawekwa chupa tupu katikati karibu na rundo la mchanga, na walio ndani wanaijaza huku wanakwepa. Ikijaa, waliokufa wote wanarudi. Isipojaa, hakuna anayefufuka hata ukilia machozi. Wengi wakasema wiki hii tujaribu ya Mgeni, kwa sababu tulikwisha kuchoka kugombania mambo yaleyale.

Shangazi alipinga kuliko wote. "Sheria za hapa zinatutosha," alisema. "Mtu anakuja jana, leo anatuletea chupa!"

Niliona ni ukaidi wake tu. Tukapiga kura, akashindwa, akaingia katikati shingo upande.

Nikarusha. Mpira ukampata ubavuni, naye amesimama wima kama kawaida yake. Safari hii hakufufuka mtu. Wenzake wakatazamana. Raundi ya pili, vilevile. Aliyekuwa anajaza chupa akaacha mchanga akamkazia macho. Mgeni, ambaye walikuwa timu moja, hakuweza kunyamaza.

"Dada, mbona unasimama kama nguzo ya kuanikia nguo? Hapa hakuna wa kumwokoa!"

"Nimezoea," Shangazi akajibu.

Raundi ya tatu mrushaji wa stoo alirusha kwa nguvu zake zote kutoka upande wa kulia. Shangazi akasogea, mpira ukapita hewani. Ukanifikia mimi. Sijui nini kilinituma, lakini niliurusha taratibu, pole kabisa, mpira ambao mtoto anayetambaa angeukwepa. Alisimama. Hakupepesa hata kope. Ulipomgusa bega aliruka kwa mshtuko, kama ameguswa nyuma na mtu asiyemjua.

Nikaelewa kiti, nikaelewa vikombe, nikaelewa rola. Hakuwa amejitoa hata siku moja. Mipira yangu hakuwa anaiona.

Mapumziko yalipokwisha nilimsubiri bombani. Alikuwa anaosha mikono. Nikasimama kushotoni kwake, nikanyoosha mkono karibu na uso wake.

"Shangazi, hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole gani?" akasema. Kisha akageuka mzima, akaviona, akanijia juu. "Unanipima? Mimi niliyekufuta makamasi, leo unanipima macho?"

"Tangu lini?"

Alifunga bomba. Alilifunga mpaka mwisho, akaendelea kulikaza.

"Tangu mvua zilizopita," akasema. "Ilianza kama ukungu. Sasa ni mwanga tu, hamna umbo. Na usinitajie hospitali. Bibi yako alianza hivihivi, kushoto vilevile. Watanieleza nini? Kwamba zamu yangu imefika?"

Bibi, mama yake, alikufa haoni kwa jicho lolote. Mimi nilikuwa mdogo, na kazi yangu ilikuwa kumshika mkono kumpeleka bafuni na kumrudisha. Shangazi alikuwa anamlisha. Hilo ndilo lililokuwa likimla ndani wakati sisi tunampigia makofi: siku jicho la kulia litakapofuata, ataondolewa kwenye rola, atakalishwa kitini, na atakayemshika mkono ni mimi.

Nilikasirika. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini hasira ilitangulia.

"Na ungeutia mkono kwenye rola, Shangazi?"

"Ndiyo maana nikahama upande. Nikisimama pale shuka, mwenzangu na moto vyote viko kulia. Mimi si mjinga."

"Hapana, si mjinga. Kesho twende, au namwambia msimamizi leo hii."

Alinitukana tusi la kifamilia ambalo haliandikiki. Lakini asubuhi alikuwa amevaa gauni lake la kikao, amekaa mlangoni.

Kwenye kliniki ya macho tulikaa benchi moja na watu waliofungwa pamba, na Shangazi, ambaye huwa hakosi la kumteta mtu, alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa anakaza, analegeza, anakaza. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mwepesi wa mikono, akammulika, akamwekea kidevu kwenye chombo, akampima hili, akampima lile. Shangazi akamweleza habari za Bibi kwa sauti ya mtu anayekiri kesi.

"Mama yako, kwa unavyoeleza, pengine alikuwa na presha ya macho," daktari akasema. "Wewe huna. Nimepima yote mawili. La kulia ni zima. Hili la kushoto ni mtoto wa jicho, tunamtoa, tunakuwekea lenzi, unarudi kuona."

"Nani anarudi kuona?" Shangazi akauliza.

"Wewe, mama."

Daktari akauliza kama aliwahi kugongwa upande ule, kwa sababu mara nyingine huanza hivyo. Hapo Shangazi akarudi kuwa Shangazi.

"Nani wa kunigonga mimi? Uliza kiwandani kote!" Kisha akajigusa kando ya jicho la kushoto. "Labda ule mlango wa mashine ya kukaushia. Mwaka juzi ulinipata hapa. Lakini mlango hauhesabiwi."

Tulipotoka alikaa kwenye ngazi za nje, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu mvua zile. Akacheka. Akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa gauni. Halafu akasema ana njaa ya kufa mtu, na kwamba nisimtazame hivyo, nitafute pa kula.

Walimfanyia upasuaji baada ya siku si nyingi. Alipofunguliwa bandeji kitu cha kwanza alichofanya ni kuniambia nimekonda na blauzi yangu ina doa. Kiwandani nikawaeleza ukweli kwa ruhusa yake. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha Mgeni akaenda kumpelekea mto mpya uliotoka kwenye kikaushio, ungali na joto. Msimamizi akamwandalia kazi ya kukunja taulo amekaa, mpaka daktari aliporuhusu kila kitu, na mpira pia.

Siku aliyorudi uani tuliamua kwa heshima yake kucheza kwa sheria zetu za zamani. Alisimama ubavu, uso mlangoni. Mchezo ulikuwa mkali. Mmoja mmoja wenzake wakapigwa, mpaka ukuta ukajaa na katikati amebaki yeye peke yake. Mpira ukanijia mimi bombani.

"Upepo, simama!" wakapiga kelele ukutani. "Jitoe, dada! Tufufue!" Mgeni, aliyeicheka sheria ile, ndiye aliyekuwa anaomba kwa sauti kuliko wote.

Nilirusha kwa nguvu zote, sikumwonea huruma. Hakugeuza kichwa. Alisogea kidogo tu, akaupisha, mpira ukaenda kugonga stoo.

"Mchoyo wee!" ukuta mzima ukalia. "Umetuacha tufe hivihivi! Una roho mbaya!"

"Kufeni!" Shangazi akajibu, mikono juu, machozi yanamtiririka macho yote mawili. "Kufeni tu, jamani, nimeuona! Nimeuona unatoka mkononi!"

Wakaendelea kumzomea, na yeye akaendelea kucheka, na mimi pale bombani nikawa nawazomea pamoja nao, maana sikujua nifanye nini kingine na furaha ile. Mrushaji wa stoo akauliza kama tunaendelea au vipi. Shangazi akajifuta uso, akarudi mahali pake, akasimama ubavu.

"Rusheni," akasema.